Kundi la utafiti bila mbishi

Mwalimu akitamka tu "gawanyikeni makundi", darasa la sekondari halihitaji maelezo zaidi. Wenye akili hutafutana kwa macho. Marafiki husogeza viti. Wasiotakiwa na mtu hubaki wamesimama hadi mwalimu awapachike mahali. Kabla hata swali la utafiti halijaandikwa ubaoni, majukumu yameshajigawa yenyewe: wawili watafanya kazi, mmoja atatoa hela ya karatasi ya manila, mmoja ataandika kwa kuwa ana mwandiko mzuri, na wa mwisho ataonekana siku ya kuwasilisha, shati limepigwa pasi, tayari kupigiwa makofi pamoja na wenzake.

Wengi tuliopita sekondari tunazikumbuka kazi za makundi kwa sura hiyo, na tukikutana tunazicheka. Lakini siku hizi kazi hizo zina uzito. Tanzania, kazimradi imo katika upimaji endelevu wa mwanafunzi. Kenya, mtaala wa umilisi umewajaza watoto miradi tangu madarasa ya chini, kiasi cha wazazi kulalamika kwamba wao ndio wanaokesha na gundi na makasi. Na jijini Dar es Salaam, maonyesho ya Young Scientists Tanzania, maarufu kama YST, huwakusanya wanafunzi wa sekondari kutoka mikoani, kwa kawaida wawili wawili na mwalimu wao, wakasimama mbele ya mabango yao kujibu maswali ya majaji.

Kama wanafunzi wafanye utafiti kwa makundi au wasifanye, basi, hilo limekwisha, wanafanya. Linalobaki ni kujua kundi linampa mwanafunzi kitu gani asichoweza kukipata akiwa peke yake. Jibu la haraka ni mikono: kazi ikigawanywa huisha mapema. Mimi jibu jingine nililipata kidato cha tano, kombi ya CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, katika shule moja ya bweni ya kanda ya kati. Mikono tulikuwa nayo ya kutosha. Aliyetuokoa ni mtu mmoja mbishi.

Maji ya lambo

Shule yetu ilikuwa na bomba, na bomba lilikuwa na siku zake. Siku lisipotoa maji tulibeba vidumu tukateremka lamboni, tukayagawana maji na ng'ombe. Baada ya mvua, maji ya lambo huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiyaacha ndooni usiku kucha, asubuhi unakuta tope limelala chini, lakini juu bado kuna ukungu usiokubali kuondoka. Wenye hela walinunua shabu dukani, wakaizungusha ndooni, maji yakatulia. Wasio na hela walifua hivyo hivyo, na kufika katikati ya muhula mashati meupe yalishakuwa na rangi ya udongo wa pale.

Mwalimu wa biolojia alipotaka kila kundi lichague tatizo la mazingira ya shule na kulichunguza, mwenzetu mmoja akasema kwao bibi yake husafisha maji kwa mbegu za mlonge. Sisi wengine mlonge tuliujua kwa majani yake, yanayopikwa mboga, na kwa unga wake unaouzwa stendi kama dawa ya kila ugonjwa. Habari ya mbegu na maji ilikuwa mpya masikioni mwetu. Tukaishika hiyo.

Jambo lenyewe ni la zamani. Wanawake wa vijijini Sudan wametumia mbegu za jamii hiyo ya miti kutuliza maji ya Mto Nile yenye tope, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliuchunguza ujuzi wao na kuandika juu yake kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970. Siri iko ndani ya punje nyeupe ya mbegu. Mna protini yenye chaji chanya. Chembe za udongo wa mfinyanzi zinazoelea majini zina chaji hasi, hivyo husukumana zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo maana zinakaa zikielea badala ya kuzama. Protini ya mlonge ikiingia, chembe hushikana, huwa mabonge, na mabonge huzama. Shabu nayo hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo.

Namna ya kufanya ilikuwa nyepesi. Unachukua mbegu zilizokauka, unazimenya, unatwanga punje, unachanganya unga na maji kidogo na kuchuja kwa kitambaa. Kile kimiminika unakitia kwenye maji ya tope, unakoroga kwa nguvu kama dakika moja, kisha taratibu kwa dakika kadhaa, halafu unaacha. Ugumu ulikuwa katika kupima. Maabara yetu haikuwa na chombo cha kupima tope, kwa hiyo mwalimu akatufundisha njia ya wasio na chombo. Twaa bomba la plastiki linaloonyesha, lizibwe chini, na kwenye kitako chake chora msalaba mweusi. Mmoja amimine maji polepole, mwingine achungulie kutoka juu. Msalaba ukipotea machoni, acheni kumimina, pimeni kina cha maji kwa rula. Kadiri kina kinavyokuwa kirefu, ndivyo maji yalivyo meupe.

Hapo ndipo tulipogombana mara ya kwanza. Msalaba umepotea au haujapotea? Mmoja anasema bado anauona, mwingine anasema umeshakwenda. Mbishi wetu akatoa kauli iliyowaudhi wote: anayechungulia akijua kwamba hii ni chupa ya mlonge, msalaba atauona kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu anatamani kuuona. Alisema huku akimtazama yule wa bibi. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa ya kuchosha. Anayechungulia asiambiwe ni chupa ipi. Wachungulie wawili kwa zamu. Kila mmoja aandike namba yake kwenye kikaratasi bila kumwonyesha mwenzake. Tulinung'unika, tukafanya. Miaka baadaye nilisoma kwamba watafiti wa dawa za binadamu hufuata kanuni hiyo hiyo: katika majaribio yao bora, mgonjwa hajui na daktari hajui nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu.

Chupa isiyotiwa kitu

Ugomvi mkubwa ulikuja na chupa ya tatu. Tulikuwa na maji yaliyotiwa mlonge, maji yaliyotiwa shabu, na maji yasiyotiwa kitu, ya kulinganishia. Yale yasiyotiwa kitu yalitarajiwa yabaki na tope lake ili tofauti ya mengine ionekane. Hayakubaki. Baada ya saa kadhaa tope zito lilishashuka lenyewe, na kwa jicho la haraka tofauti kati yake na chupa ya mlonge haikuwa kubwa kama tulivyotaka.

"Hii itoeni kwenye jedwali," kiongozi wetu akasema. "Itatuharibia." Alikuwa na sababu. Karatasi ya manila ilishaandikwa kichwa kwa kalamu nene, kwamba mlonge husafisha maji, na manila mpya ni hela.

"Tukiitoa," mbishi akauliza, "tutajuaje kama aliyesafisha ni mlonge au ni muda?"

"Wewe kila kitu unapinga tu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo huambiwa kila mbishi, katika kila kundi, katika kila shule. Ina nguvu kwa sababu ni kweli kidogo: wako wanaopinga kwa kupenda kusikika. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na swali zuri likishatoka halirudi mdomoni. Tulilipeleka kwa mwalimu tukitegemea atatoa hukumu. Hakutoa. Alituuliza tulitaka kujua nini hasa tulipoanza, kisha akaendelea kusahihisha madaftari yake. Tukarudi darasani tukabishana hadi prepu ikaisha.

Kilichozaliwa na ubishi ule ni jaribio bora kuliko la kwanza. Badala ya kupima mara moja mwishoni, tulipima kila baada ya muda mfupi, kisha tukapima tena kesho yake. Sasa picha ikajitokeza. Mchanga na tope zito havihitaji mlonge, vinashuka vyenyewe. Kazi ya mlonge iko katika mambo mawili: unaharakisha, na unashusha ule ukungu mwembamba ambao katika chupa tupu ulikuwa bado unaelea hata asubuhi. Matokeo hayo yalikuwa madogo kuliko kichwa cha habari cha manila, lakini yalikuwa na ukweli ambao ungeweza kuutetea mbele ya mtu yeyote.

Tukagundua na jingine. Mwenzetu mmoja, kwa imani ya Waswahili wengi kwamba kikifaa kidogo kingi kitafaa zaidi, aliongeza unga wa mlonge maradufu na zaidi. Maji yakarudi kuwa na ukungu. Maelezo yake yapo: protini ikizidi, chembe za udongo zinavikwa chaji chanya zote, zinaanza tena kusukumana, zinaelea. Kama tungekuwa tunatafuta tu ushahidi wa kichwa cha habari, chupa ile ingemwagwa bila kuandikwa.

Na katika kuandika hitimisho, mbishi akarudi. "Meupe ndiyo salama?" Tafiti zilizofanywa kwingine zinaonyesha mlonge hushusha bakteria wengi pamoja na tope, lakini si wote, na mabaki ya mbegu yanayobaki majini huwa chakula cha wale waliosalia; maji yakihifadhiwa hadi kesho yake, wanaweza kuongezeka tena. Sisi tulipima weupe. Vijidudu hatukuvipima, na hatukuwa na cha kuvipimia. Kwa hiyo ripoti yetu, iliyoanza ikitaka kuwaokoa wanafunzi na shabu ya dukani, iliishia kuwaambia wachemshe. Aliyeieleza vizuri kuliko wote siku ya kuwasilisha alikuwa ni kiongozi wetu, yule yule aliyetaka chupa iondolewe.

Alichouliza Mpemba

Ukitafuta mfano mkubwa wa mwanafunzi mbishi katika historia yetu, huna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja akaharakisha kuingiza maziwa yasiyochemshwa ili asikose nafasi; Mpemba naye, kwa kuogopa kukosa, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baadaye aliyakuta ya kwake yameganda, ya mwenzake bado uji.

Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea na swali lake hadi Mkwawa, Iringa, alikosomea masomo ya juu ya sekondari, na huko darasa likamgeuza kichekesho: akikosea hesabu, waliliita kosa lile hisabati ya Mpemba. Siku moja akakuta maabara ya biolojia iko wazi, akatwaa bikari mbili, moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya moto, akazitia kwenye jokofu na kujionea mwenyewe. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliahidi kujaribu.

Inasimuliwa na wahusika wenyewe kwamba fundi wa maabara aliyepewa jaribio lile Dar es Salaam alirudi na taarifa kuwa maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kundi la utafiti la sekondari anamfahamu fundi huyo. Alikuwepo kwetu, ameshika kalamu nene.

Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, la Mpemba na la Osborne: sehemu moja mwanafunzi anasimulia, sehemu nyingine mwanafizikia anaeleza vipimo. Tumezoea kumsimulia Mpemba kama kijana peke yake dhidi ya ulimwengu. Ukisoma kisa kwa makini unaona kundi zima: mshindani wa nafasi ya jokofu, rafiki muuza aiskrimu wa Tanga aliyemwambia kuwa yeye pia huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto, Osborne, na fundi yule. Swali lilikuwa la mmoja. Uthibitisho ulihitaji wengi, na ulihitaji angalau mtu mmoja mwenye cheo ambaye hakuona aibu kulichukua kwa uzito swali la mtoto.

Na ubishi haukukoma hapo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kueleza jambo hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wakachapisha vipimo vyao wakisema hawakupata ushahidi wa kutosha wa jambo lenyewe, wakaonyesha kwamba hata kusogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kubadili matokeo. Mbishi wa Magamba amepata wabishi wake. Hiyo ni heshima kubwa kuliko kukubaliwa bila kupimwa.

Nani amefanya nini

Tatizo la makundi yetu ni kwamba shule huyapima kama vile hayana watu ndani. Ripoti ni moja, alama ni moja, jina la kundi ni moja. Aliyetwanga mbegu usiku na aliyelala wanapata sawa. Wanafunzi wenyewe humwita huyo wa pili mtegeaji, na wanamjua, lakini kumsema kwa mwalimu ni usaliti. Mbaya zaidi, alama moja huua ubishi. Kama sote tutapata kile kile, anayeuliza maswali anatuchelewesha tu. Heri akae kimya, tumalize, twende tukacheze mpira. Wanaosema nahodha wengi chombo huenda mrama wanasema kweli juu ya usukani. Hawasemi lolote juu ya mabaharia kunyamaza chombo kinapoingia maji.

Lugha nayo ina sehemu yake. Masomo yetu ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na ripoti ilitakiwa kwa Kiingereza. Katika vikao vya Kiingereza mbele ya mwalimu, waliozungumza walikuwa wale wale wawili. Tukibaki peke yetu na chupa zetu, tukabishana kwa Kiswahili, hata aliyeshika mkia darasani alikuwa na hoja. Yule wa bibi, kwa mfano, ndiye aliyetukumbusha kuwa kwao hawatumii mbegu mbichi. Mwalimu anayetaka utafiti wa kweli awaache wanafunzi wabishane kwa lugha wanayobishania nyumbani, kisha awasaidie kuandika kwa lugha ya mtihani.

Waandaaji wa YST wanalijua hilo la nani amefanya nini. Mpango huo uliasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha, Mtanzania, na Joseph Clowry kutoka Ireland, kwa kufuata maonyesho ya vijana wanasayansi ya Ireland yaliyoanzishwa na wanafizikia wawili, Tom Burke na Tony Scott, na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Moyo wa maonyesho ya namna hiyo ni jaji anayesimama mbele ya bango na kuuliza. Bango haliwezi kujibu, wala mwandiko mzuri hauwezi kujibu. Lazima wewe uliyesimama hapo ujue kwa nini chupa ya tatu ipo. Jaji ni mbishi aliyepewa beji.

Shule zetu haziwezi kumsubiri jaji wa Dar es Salaam. Zinaweza kufanya mambo machache yasiyo na gharama. Kila kundi liwe na daftari moja la kazi, kila siku iandikwe, na kila kipimo kiwe na jina la aliyekipima. Mwalimu atoe alama mbili, moja ya kundi na moja ya mtu, na ile ya mtu aipate kwa kumwita mwanafunzi yeyote, bila taarifa, na kumwuliza: mmejuaje? Mtegeaji hatapona swali hilo, na hakuna atakayelazimika kumsaliti. Matokeo yaliyokataa kufuata matarajio yasikatwe alama ikiwa kazi imefanyika kwa uangalifu. Mwanafunzi akijua kwamba "hapana" inalipa sawa na "ndiyo", hataiba namba kwa jirani. Na katika kila kundi mtu mmoja apewe kwa zamu kazi rasmi ya kupinga. Leo wewe, kesho mwenzako. Kwa njia hiyo ubishi unaacha kuwa tabia mbaya ya mtu fulani na unakuwa jukumu, kama kushika daftari au kuosha bikari.

Mzazi naye ana la kufanya, nalo ni dogo. Mtoto akileta nyumbani kazi ya utafiti, mzazi asiguse gundi. Aketi, asikilize maelezo, kisha aulize anachouliza kila siku sokoni anapoambiwa samaki huyu ni wa leo: umejuaje? Mtoto akikasirika, aulize tena. Wale wanne au watano wa kundi lake wanamhitaji arudi shuleni akiwa na swali hilo, hata kama watamwambia kila kitu anapinga tu.